Derivativu ya 99 niliipata barazani

Swali lilikuwa fupi: tafuta derivativu ya 99 ya cos 3x, yaani uidiferenshieti (utafute kasi yake ya kubadilika) mara 99 mfululizo. Nilikuwa Kidato cha Sita, Chake Chake, na kwa ujinga wangu nikaanza kudiferenshieti moja moja. Kufika ya nane, kuna hasi imeshanitoka na sijui ilitokea wapi. Nikafunga daftari nikatoka nje.

Barazani kwetu baada ya laasiri huwa pana karata, wawili kwa wawili, kila mtu ametazamana na mwenzake. Jioni ile walikuwa wakizozana zamu ya kugawa ni ya nani.

“Hebu wewe msomi,” ami akaniita. “Tushagawa mara kumi na nne, alianza huyu. Sasa nani?”

“Kumi na mbili ni mizunguko mitatu, zinabaki mbili. Agawe mwenzake wa mbele.”

Nikabaki nimesimama. Sini, kosini, hasi sini, hasi kosini: si wanne hao! Tena sini kamkabili hasi sini, kosini kamkabili hasi kosini. Ukidiferenshieti mara moja, zamu imesogea kiti kimoja.

Nikarudi ndani. 99 kwa 4 ni 24, baki 3. Kutoka kosini hatua tatu: hasi sini, hasi kosini, sini. Nikaandika sin 3x, nikalala usingizi wa mshindi. Asubuhi maalim akaikata kwa wino mwekundu. Ile 3 ya ndani hutoka nje kila unapodiferenshieti, kwa hivyo jibu ni 3⁹⁹ sin 3x. Baki sifuri nayo ilinisumbua siku mbili. Nikiihesabu kiti cha nne, kumbe ni pale pale ulipoanzia.

Iliyonikolea hasa ni x sin x. Niliandika nne za mwanzo tu:

sin x + x cos x
2 cos x − x sin x
−3 sin x − x cos x
−4 cos x + x sin x

Kipande chenye x kinazunguka kama kawaida. Cha pembeni kinamfuata kiti kimoja nyuma, na namba yake ndiyo namba ya derivativu yenyewe. Basi ya 50, baki 2, ni 50 cos x − x sin x. Mstari mmoja!

Kiburi kikanipanda, nikamwendea tanjenti. Ya kwanza sec² x, ya pili 2 sec² x tan x, ya tatu imeshakuwa vipande viwili, na kila ukienda inazidi kunenepa. Ya tano nikamwacha, nikarudi barazani.