Neno "Nilidhani"

Masomo: 1 Samweli 1:9–18, Tito 3:1–5

Wapendwa katika Bwana,

Jumapili iliyopita niliingia katika darasa la watoto wadogo nikiwa na kiberiti ambacho nilikuwa nimekitoa njiti zote na kukijaza maharage. Nilimwita mtoto mmoja wa miaka mitatu nikamwuliza mna nini ndani, naye akajibu bila kusita kwamba mna njiti. Nilipokifungua, maharage mawili yakadondoka sakafuni, akacheka mpaka akakaa chini. Nikakifunga tena, nikamwuliza: "Mwenzako aliye nje, ambaye hajaona, akiingia atasema humu mna nini?" "Maharage." "Na wewe, kabla sijafungua, ulisema mna nini?" "Maharage," akajibu, huku akinitazama kana kwamba mimi ndiye msahaulifu. Dada yake wa miaka mitano, alipofika zamu yake, alishika mdomo akasema: "Nilidhani ni njiti, kumbe ni maharage!"

Jaribio hilo si langu. Mwaka 1983 watafiti wawili, Heinz Wimmer na Josef Perner, waliwasimulia watoto habari za kijana aitwaye Maxi, ambaye aliweka chokoleti yake katika kabati moja akaenda kucheza, na huku nyuma mama yake akaihamishia katika kabati jingine. Walipoulizwa Maxi akirudi ataitafuta wapi, wengi wa wale wadogo walionyesha mahali ilipo sasa, kwa sababu wao wenyewe walijua ilipo, ilhali wakubwa wao walionyesha mahali Maxi alipoiacha. Tangu hapo maswali ya namna hiyo yameulizwa katika nchi nyingi, na kwa kawaida mabadiliko huonekana mtoto anapofikia umri wa miaka minne hivi au mitano. Mwaka 1991 Jeremy Avis na Paul Harris walieleza jinsi watoto wa Wabaka, jamii ya wawindaji katika misitu ya Kamerun, walivyoombwa wazihamishe kokwa za embe-mwitu alizokuwa akizipika mtu mzima ambaye alikuwa ametoka kidogo. Wakubwa miongoni mwao, wenye umri wa kama miaka mitano, walijua kwamba atakaporudi ataelekea kwenye chombo kitupu.

Mtoto huelewa mapema zaidi kwamba mwenzake anaweza kupenda asichokipenda yeye. Kwamba mwenzake anaweza kuamini jambo ambalo si kweli, hilo huchelewa. Tena halimjii kwa kukua mwili tu. Watoto viziwi waliozaliwa katika nyumba ambazo hakuna anayejua lugha ya alama huchelewa sana kujibu maswali haya, lakini wale ambao wazazi wao ni viziwi, waliozungumza nao kwa alama tangu utotoni, hawachelewi hivyo. Akili zao zina uwezo uleule. Walichokikosa wale wa kwanza ni mazungumzo, yale ya kila siku ya "alifikiri hivi" na "hakujua kwamba". (Makanisa yetu mengi bado hayana mkalimani wa alama hata mmoja, na sioni tunawezaje kulipita jambo hilo kimya.)

Hata hivyo, lililonikaa moyoni wiki nzima ni lile jibu la mwisho la mtoto wa miaka mitatu. Alison Gopnik na Janet Astington walilichunguza jambo hili katika utafiti uliotoka mwaka 1988, wakaona kwamba mtoto asiyeweza kutambua kosa la mawazo ya mwenzake, mara nyingi hawezi pia kukumbuka kosa la mawazo yake mwenyewe la dakika chache zilizopita. Akishaona maharage, kwake ni kama alijua tangu mwanzo. Haongopi, maana mlango wa kurudia kutojua kwake umefungwa.

Nami mlango huo niliufunga nikiwa na mvi. Miaka michache iliyopita, katika ibada ya nyumbani, ndugu mmoja aliyeokoka siku si nyingi alihangaika kuitafuta Zaburi mwishoni mwa Biblia, nikatabasamu, tena tabasamu ambalo lilionekana. Hakurudi wiki iliyofuata. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba mimi mwenyewe, nilipoanza kusoma Neno, niliwahi kuutafuta Waraka kwa Waebrania katika Agano la Kale, nikiamini kabisa kwamba Waebrania hawawezi kuwa kwingine.

Mtume Paulo anamwagiza Tito awakumbushe waumini wasimtukane mtu yeyote na wawe wapole kwa watu wote, na sababu anayoitoa haihusu sifa za hao watu. Anasema: "Maana hapo zamani sisi nasi tulikuwa hatuna akili." Angalieni lile "sisi nasi", ambamo mtume amejihesabu mwenyewe. Upole anaoutaka unasimama juu ya kumbukumbu, na ndiyo maana ni mgumu kwetu tuliokaa kanisani muda mrefu, kwa kuwa tunayoyajua leo yamekwisha kuifunika siku tulipokuwa hatujui.

Kuhani Eli alikuwa mzee na mzoefu alipoketi karibu na mwimo wa hekalu huko Shilo. Alimwona Hana, mwanamke aliyekuwa akiomba moyoni, midomo ikitikisika na sauti haisikiki, akamdhania amelewa, akamkemea aache mvinyo. Aliyoyaona yalikuwa kweli, ila hakujua yaliyokuwa moyoni, na hakuuliza. Hana naye hakuondoka kwa hasira. Alimjibu kwa heshima kwamba hakunywa kitu, bali alikuwa akiimimina nafsi yake mbele za Bwana. Ndipo mzee yule, mbele ya mwanamke aliyetoka kumkemea, akaacha alilolidhani. Hakutetea macho yake, wala hakusema kwamba yeyote angedhani vivyo hivyo. Alimwambia aende kwa amani, akamwombea Mungu wa Israeli ampe haja yake, na Hana akaenda zake, akala chakula.