Alikuwa Anageuka

"Mama, hii nifute?"

Binti yangu alikuwa amejilaza mkekani na simu yangu mkononi. Simu ilikuwa imejaa, haipokei tena picha za mahafali ya darasa lao, naye akajitwika kazi ya kupunguza. Mimi nilikuwa natengeneza kachumbari. Nikamjibu bila kuinua uso: futa. Kisha nikauliza, hiyo ni ipi?

"Ya Bibi anakuna nazi. Ndefu, halafu hasemi kitu. Mgongo tu."

Nikamwambia aache. Aache kabisa, asiguse kingine chochote, aniletee simu. Nadhani nilipaza sauti, maana aliinuka akanitazama akidhani nimejikata. Mkononi nilikuwa na chupa ya siki. Harufu ya siki na mgongo wa bibi, viwili hivyo kwa pamoja, vilinirudisha Ngamiani, Tanga, Desemba 2009, chumbani kwa Bi Mkubwa, mama yangu.

Mnaomjua Bi Mkubwa wangu mnayajua makasha yake. Ndani ya lile la bati, chini ya kisutu chake cha harusi, kulikuwa na mkebe wa filamu, mdogo, wa kuenea kiganjani. Marehemu Baba alikuwa wa gari la sinema. Mwaka mzima yuko njiani, Handeni, Pangani, Lushoto, na shuka jeupe, jenereta na projekta, akiwaonyesha watu filamu za kilimo na za kuchemsha maji. Rafiki yake mmoja alikuwa mpiga picha, na harusi ya wazazi wangu, mwaka 1971, ilipigwa kwa mkanda uliobaki kazini: milimita 16, nyeusi na nyeupe, hauna sauti, futi 100. Hesabu yake nimeipiga mara nyingi. Futi moja ni fremu 40, yaani picha ndogo 40 zinazofuatana, kwa hiyo futi 100 ni fremu 4,000, na kwa mwendo wa fremu 24 kwa sekunde unapata dakika 2 na sekunde 46. Harusi yote imo humo.

Mama aliiona mara moja tu, mwaka uliofuata, ukutani, usiku ambao Baba alilala nyumbani na projekta ya kazini. Na ndani ya dakika hizo mbili na ushei alikuwemo mama yake. Bibi hakuwahi kupigwa picha nyingine maishani. Alifariki kabla sijazaliwa, wala hakuacha hata picha ndogo ya studio. "Mama yumo mle," Bi Mkubwa alizoea kusema, akiligonga kasha kwa kidole, na sisi watoto tulikuwa tukipita karibu na kasha lile kwa adabu, kama kuna mtu amelala.

Baba alifariki 1987. Arobaini ilipopita, Mama aliuchukua ule mkebe akauzungushia selotepu pande zote, akautia kwenye mfuko wa nailoni akaufunga, akautia kwenye mfuko wa pili akaufunga tena, akanyunyiza karafuu, akafunga kasha. Vumbi lisiingie, unyevu usiingie, mende asipate njia. Ukakaa hivyo miaka 22, katika joto la Tanga.

Niliyeufungua ni mimi. Nilikuwa nimefika kutoka Dar na habari kwamba kuna duka linahamisha mikanda ya zamani kwenye DVD, na nilitaka kumfurahisha. Aliniuliza mara mbili kama hautaharibika. Nikamjibu, Mama, utaharibika ukikaa.

Selotepu niliikata kwa wembe. Kifuniko hakijatoka sawasawa, harufu ikatutangulia. Siki. Haikuwa harufu ya uozo wala ya ukungu, ilikuwa siki tupu, kali, ya kutoa machozi. Mama alidhani kuna mjukuu aliyemwagia kitu, akaanza kuwataja mmoja mmoja, kisha akakumbuka kwamba ni yeye aliyefunga na ufunguo ulikuwa shingoni kwake siku zote, akanyamaza.

Nikavaa soksi safi mikononi, kwa sababu glavu hatukuwa nazo, nikakaa dirishani. Mama akanipa ile lenzi yake ya kusomea msahafu. Mkanda ulikuwa umejipinda kingo zote mbili na umekakamaa, ukiugusa unalia. Nikapata ncha yake. Usiku ule wa ukutani Baba hakuurudisha mwanzo, kwa hiyo kilichokuwa nje ni mwisho, na ndani kabisa, kwenye kiini, ndiko ulikokuwa mwanzo wa harusi.

Kipande cha kwanza kilikuwa cheupe tupu, kimepigwa na mwanga. Halafu ukaja mlango. Mlango wa Kipwani, bawa moja limefunguliwa, ndani giza. Fremu baada ya fremu, mlango na giza. Nikafungua kidogo. Ndani ya lile giza kukawa na weupe, kama doa. Nikafungua tena. Doa likawa pindo la kanga. Likawa mtu.

Nilichelewa kuelewa ninachokiona. Kwa sababu nilikuwa naufungua mkanda kutoka mwisho, mambo yalikuwa yakinijia kinyumenyume. Bibi alikuwa ameingia ndani, na sasa kila kidole cha mkanda nilichokifungua kilikuwa kinamtoa nje. Alirudi hatua moja hadi kizingitini. Akarudi nyingine, akawa barazani, mgongo kwetu, kisutu kimefungwa juu ya kwapa, mrashi mkononi. Fremu ya milimita 16 haizidi ukucha wa kidole kidogo. Kwenye lenzi niliweza kuona miraba ya kisutu na shingo ya ule mrashi.

"Yuko barazani," nikasema. "Ana mrashi."

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaniondolea lenzi taratibu, akainama, akatazama muda mrefu mno. "Ndiye," akasema. "Tazama anavyofunga kanga. Hakuna mwingine aliyekuwa anafunga hivyo." Akanirudishia lenzi, akaniambia, "Mlete."

Nikamleta. Fremu kumi, ishirini. Bega la kushoto likaanza kusogea. Alikuwa anageuka. Yaani siku ile ya 1971 alikuwa anaipa kamera mgongo, lakini kwangu, dirishani, alikuwa anatugeukia. Likaonekana sikio. Ikaonekana pembe ya shavu, na juu yake kitu cheupe ambacho nadhani ni kipini cha pua. Nikavuta kidogo tu, kama nilivyokuwa navuta muda wote, na mkanda ukagoma.

Hapo ndipo ningeacha. Nimejiambia hivyo kwa miaka mingi. Ningeuweka mkanda chini, nikatafuta mtu anayejua. Lakini shavu lilikuwa limeshatokea, na Mama alikuwa akipumua juu ya bega langu, nikavuta.

Sauti yake ilikuwa kama ya plasta inayobanduliwa kwenye kidonda. Utando wa picha uliachana na mkanda wake, ukabaki umegandia mgongoni mwa mzunguko wa chini. Nilichobaki nacho mkononi ni plastiki inayopitisha mwanga, safi, haina kitu. Nikajaribu kidogo zaidi. Plastiki. Mkanda uliobaki ulikuwa donge moja.

Mama aliuliza, "Vipi?"

Nikamwambia umeganda. Akakaa kitandani. Baada ya muda akasema tuweke chai.

Mwenye duka hakutaka hata kuugusa. Miaka 3 baadaye nilikuwa Unguja wakati wa ZIFF, lile tamasha la filamu, na pale Ngome Kongwe nikakutanishwa na mgeni ambaye kazi yake ni kutunza filamu. Nilimsimulia kila kitu, hata soksi. Nilipofika kwenye siki alitikisa kichwa kabla sijamaliza. Filamu za zamani zaidi, akanieleza, zilikuwa za naitreti, zinashika moto kwa wepesi wa kutisha, ndiyo maana zikaachwa na ikaingia asetati, iliyoitwa filamu salama. Salama kwa moto. Joto na unyevu vikiipata, asetati huanza kujivunja yenyewe na kutoa asidi ileile ya siki. Asidi hiyo ikibaki karibu na mkanda huharakisha uvunjikaji, unaozaa asidi nyingine, nayo inaharakisha zaidi. Mkanda unanywea, ukinywea hata kwa asilimia 1, meno ya mashine na matundu ya mkanda yanaanza kupishana. Wenzetu huweka ndani ya mkebe kikaratasi cha buluu kinachogeuka kijani, kisha njano, wajue ugonjwa umefika wapi. Dawa hakuna, kuna kuchelewesha tu: baridi, ukavu, na hewa.

"Hewa?" nikauliza.

Hewa, akasema. Mkebe usizibwe kabisa. Ukiufunga kwa plastiki na gundi, mvuke wa asidi hauna pa kutokea, unaukaanga mkanda ndani kwa ndani.

Nilifikiria ile selotepu. Mifuko miwili, mafundo mawili. Kila alichoweza kukiziba alikiziba, kwa sababu alikuwa anampenda aliyemo ndani.

Sijamwambia. Ana haki ya kujua, najua, na mara mbili nimefika hadi mlangoni kwake na maneno yakiwa tayari. Lakini nikishamwambia, atafanya nini nayo? Na sehemu yangu, ya kuvuta, hiyo aliiona kwa macho yake na hajawahi kuitaja hata siku moja.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza mikanda iko wapi. Milimani pale Vugiri, juu ya Korogwe, si mbali na kwetu, Waingereza waliweka makao wakapiga filamu 35 kati ya 1935 na 1937, za milimita 16 hizi hizi, sauti zikiwa kwenye sahani za santuri. Zinazojulikana kuwa zimebaki ni za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, nazo ziko Uingereza. Watu wa milima yetu walisimama mbele ya kamera wakalima, wakacheza, wakapewa dawa, na wajukuu zao hawana pa kuwatazama. Nadhani filamu nyingi za namna hiyo hazikutupwa na mtu. Zilifungiwa tu mahali. Nikipita kwenye ofisi yenye stoo imefungwa kufuli, na nimeshapita kadhaa, huwa nanusa mlangoni kwanza.

Ile video ya Bi Mkubwa anakuna nazi ina dakika 1 na sekunde 52. Usiku uleule nilimfundisha binti yangu kuihamisha: nakala moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje inayokaa kwa dada yangu Muheza. Nikamwambia diski nayo hufa, kwa hiyo kila baada ya miaka michache lazima mtu aihamishe tena, na kwamba siku moja mtu huyo atakuwa yeye. Akauliza, hata kama ni mgongo tu? Nikasema ndiyo. Akakubali, ila nilimwona hajaridhika, na sikuwa na maneno mengine ya kumpa usiku ule.

Donge lile ninalo bado, pamoja na kile kipande kilichofunguka, mita 3 hivi, fremu 400, sekunde 16. Kiko kwenye bahasha ya karatasi isiyogundishwa, na kabati lote linanuka siki. Bi Mkubwa akija kwangu huniomba nimtolee. Kwenye kompyuta ninayo pia, nilizipiga picha fremu zile moja moja nikaziunganisha zikatembea, lakini anataka mkanda wenyewe, na lenzi, na dirisha. Kuna siku nilimpa kichwachini kwa bahati mbaya, akaanza kutazama upande wa pili, kuanzia shavuni kwenda mlangoni, kama ilivyokuwa harusini. Alinirudishia akiwa amekunja uso.

"Huko anakwenda ndani," akasema. "Nigeuzie."