Mwishoni Wanakufa?

Kwa karibu miaka minne, kila Ijumaa jioni tulikutana kwangu watu wanne kutazama filamu. Njoki, jina ambalo si lake, alikuwa na swali lake. Akisikia kwamba hadithi ina wanaume wawili wanaopendana, au wanawake wawili, huuliza kabla hata hajavua viatu: "Mwishoni wanakufa?"

Aliyewahi kuiona alimjibu, na jibu lilikuwa ndiyo karibu kila mara. Tulichukulia kwamba Njoki hapendi hadithi za huzuni, basi. Sikujiuliza kwa nini swali hilo hakuliuliza tulipoweka filamu za vita, ambazo watu hufa ndani yake kwa mamia.

Kisha ikaja Septemba 2018. Filamu ya Rafiki, ya mwongozaji Wanuri Kahiu, kuhusu wasichana wawili wanaopendana, ilikuwa imepigwa marufuku nchini tangu Aprili, na Mei ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes. Ufaransa waliiona, sisi wa Nairobi hatukuiona. Ijumaa ya tarehe 21, Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu alisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, kwa watu wazima tu, ili filamu itimize masharti ya kuweza kupendekezwa kwa tuzo za Oscar. Alisema hakushawishika kwamba Kenya ni jamii dhaifu kiasi cha misingi yake ya maadili kutikiswa na filamu. Njoki alinitumia sentensi hiyo usiku ule ule, bila salamu. Chini yake akaandika: "Tunaenda."

Tulikwenda Jumanne. Foleni ilikuwa ndefu, na ilikuwa na utulivu ambao sijauona kwenye foleni ya sinema tangu siku hiyo. Mbele yetu walisimama wasichana wawili walioachana nafasi kidogo, kama watu wasiojuana, ila mmoja alikuwa ameshika mikoba yote miwili. Njoki aliwatazama kwa muda mrefu. Siku hiyo hakuuliza swali lake, na wala hakuna kati yetu ambaye angeweza kumjibu.

Kwa asiyeiona: Kena na Ziki ni wasichana wa mtaa mmoja, na baba zao wanagombea kiti kimoja cha uchaguzi. Wanapendana. Mtaa unajua, umati unawapiga, Ziki anapelekwa London. Hapo nilihisi Njoki amekaza mwili mzima. Mkono wake ulikuwa kwenye kiti, umeshika kitambaa kwa vidole vyote. Nadhani alikuwa akingoja kile alichozoea. Lakini miaka inapita, Kena sasa ni mtu mzima mwenye kazi yake, na mwishoni kabisa mkono unatua begani mwake. Basi. Taa zikawaka.

Ubishi ulianzia kwenye ngazi. Mwenzetu mmoja, nimwite Ochi, alisema filamu ni nzuri lakini mwisho umeiharibu. "Ile ni ndoto," alisema. "Hapa kwetu nani anarudi? Wangeiacha pale pale alipopandishwa ndege, ingekuwa ya kweli."

Nilimuunga mkono, na hilo ndilo lililonifanya niandike haya. Nilisema hadithi kubwa za mapenzi ni zile zinazovunjika. Nikataja Brokeback Mountain ya 2005, ya wanaume wawili wanaopendana, nikasema kifo cha mmoja wao, Jack, ndicho kinachoifanya ikae moyoni, kwamba bila yale mashati mawili yaliyotundikwa kabatini filamu ile isingekuwa kitu. Nilisema kwa ufasaha. Nilipenda kujisikia nikisema.

Njoki aliacha nimalize. Tulikuwa tumefika maegeshoni, akaegemea gari la mtu.

"Ochi, wewe umetazama filamu za polisi tangu utotoni. Polisi hushinda kila mara. Umewahi kusema ni ndoto?"

Ochi hakujibu.

"Kuna kitu nimekisoma," akaendelea. Akatueleza kuhusu kanuni za maadili za Hollywood, zilizoanza kutekelezwa kwa nguvu mwaka 1934 na kuachwa 1968. Mapenzi ya namna hii hayakuruhusiwa kuonekana kabisa. Kanuni zilipolegezwa kidogo mwaka 1961, ikatoka The Children's Hour, na humo mwalimu anayekiri kwamba anampenda mwenzake anajinyonga. "Mlango ulifunguliwa kwa mtu aliyekufa," alisema. "Na hawa wetu je? Mnajua Bodi ilitaka nini?"

Tulijua. Kahiu mwenyewe alikuwa amesimulia kwamba Bodi ya Kuainisha Filamu ilitaka mwisho ubadilishwe, kwa kuwa ulikuwa na matumaini na haukuonyesha majuto ya kutosha. Hakuna aliyegusa kipigo. Tatizo lilikuwa ule mkono begani.

Halafu akanigeukia mimi, na sauti yake ikashuka. "Hiyo Brokeback unayoisifu niliiona nikiwa na miaka kumi na saba, peke yangu, sauti nimeipunguza. Nilipomaliza nilijiambia, sawa, hivyo ndivyo nitakavyoisha."

Njoki hakuwahi kutuambia lolote kuhusu maisha yake. Aliyasema haya akiwa na funguo za nyumba mkononi, akizipitisha kidoleni moja moja. Nilitaka kumwambia samahani, nikaona samahani itamlazimu yeye anifariji mimi. Kwa hiyo nikamuuliza kama angependa kuiona tena.

"Jumamosi," alisema. "Ndiyo siku ya mwisho."

Tulirudi wawili, tarehe 29. Ukumbi ulijaa. Nadhani wengi waliijua hadithi tayari, maana walicheka mapema kidogo na kunyamaza mapema kidogo. Mimi bado naupenda ule mwisho wa mashati kabatini, siwezi kusema uongo, lakini usiku ule niliutazama mwisho huu kama mtu anayesubiri mgeni wake kituoni. Ulipokaribia nilimgeukia Njoki nione uso wake. Hakuwa akitazama skrini. Alikuwa amejigeuza nusu kitini, akitazama nyuso za watu nyuma yetu, safu kwa safu, na mwanga wa filamu ukiwapita.