Pima shafti kwanza, nguvu baadaye (mi nilianza kinyume)

Nilivyoamua kuweka mota ya umeme kwenye kaboti ketu ka matembezi, kila niliyemuuliza alianza na swali moja tu, paundi ngapi? Yaani nguvu ya kusukuma, maana hizi mota hazipimwi kwa hosipawa, zinapimwa kwa paundi. Na mi nikaingia mkumbo huohuo. Wiki nzima napiga hesabu za nguvu, urefu wa shafti (ile fimbo ndefu inayoshuka mpaka kwenye propela majini) nikautazama mara moja tu, na ndo ulionitesa.

Kwa asiyezijua, hii ndo ile mota ndogo ya trolingi, inatumia betri, inaenda polepole na haipigi kelele, unaitumia ukivua au ukitaka boti itulie sehemu moja bila kushusha nanga. Sio kitu kipya, kampuni ya Minn Kota walianza nazo mwaka 1934 kule Fargo, North Dakota.

Hesabu ya nguvu kwa kweli ni rahisi. Kwa kila kilo 45 hivi za boti weka angalau paundi 2, na hapo uzito ni wa boti ikiwa imejaa, watu, mafuta ya injini kubwa, betri, makorokoro yote. Yetu ikijaa inafika kama kilo 900, kwa hiyo inatoka paundi 40, nikachukua ya 55 kwa sababu ya upepo. Mpaka paundi 55 hivi volti 12 zinatosha, ukipanda kwenye 70 au 80 unaingia volti 24, betri mbili unaziunga mfululizo, na zile za paundi 112 ni volti 36, betri tatu. Kaboti kadogo hakana shida na mambo hayo.

Afu nikaamua ikae mbele, sio nyuma. Ya nyuma ni rahisi kuifunga, unabana skrubu mbili kwa mkono umemaliza, lakini upepo ukipiga pua ya boti inageuka inakotaka na wewe huku nyuma unahangaika tu. Ya mbele inavuta. Ni ka mkokoteni, ukiuvuta unakufuata, ukiusukuma lazima upigane nao.

Sasa shafti. Kwa mota ya mbele unapima kutoka pale breketi (kishikio kinachoibana mota kwenye boti) itakapokaa mpaka usawa wa maji, kisha unaongeza inchi 20. Hizo 20 sio za mapambo, sehemu ya shafti inabaki juu ya breketi, na propela inatakiwa izame kama futi moja ili isivute hewa. Kama maji yenu yana mawimbi ongeza 5 nyingine. Mi nikachukua futi yangu, nikaenda kuchuchumaa pale mbele kabisa, nikapima, inchi 20. Jumla 40, nikanunua ya 42 nikajiona nimejipa na ziada.

Kumbe kuchuchumaa kwangu pale kulikua kumeishusha pua ya boti! Siku ya kwanza tumepakia, wenzangu wamekaa nyuma, betri nyuma, tangi nyuma, pua iko juu kabisa. Kila wimbi likipita propela inatoka nje inalia ka mashine ya kusagia, boti haiendi popote. Nikaja kupima upya watu wakiwa wamekaa kama wanavyokaa siku zote, nikapata 26. Yaani 46 bila mawimbi, na mawimbi 51. Ile fupi nikamuuzia jamaa mwenye boti ya chini inamtosha kabisa, mi nikanunua ya 54.

Kufunga nako kuna mambo. Kabla hujashika drili weka breketi bila kuifunga, ikunje na uikunjue mara kadhaa, angalia kichwa kisigonge reli wala mota isibaki inaning'inia nje ya boti. Tumia boliti za stenlesi zinazopita mpaka chini ya deki, sio skrubu za mbao, faibaglasi ni nyembamba na mota inayumba siku nzima. Chini yake weka bamba la kusambaza mzigo, nati zenye nailoni ndani ili zisilegee, na kila tundu lipake silanti ya boti (gundi ya kuziba maji) kabla ya kupitisha boliti. Kufika huko chini ya deki ndo kazi, mi nililala chali nusu saa, nati moja imenidondokea usoni mara tatu.

Umeme usiuchukulie poa. Mota ya paundi 55 ikiwa mwisho wa spidi inakula kama ampea 50, kwa hiyo betri ya ampea-saa 100 kwenye karatasi inakupa masaa mawili, ila ya risasi, ile ya asidi, ukiishusha chini ya nusu unaiua kabla ya wakati, basi hesabu saa moja. Kwa bahati ukienda taratibu inakula kidogo sana, unashinda nayo. Nunua diipu saiko, yaani betri ya kutoa umeme taratibu kwa muda mrefu, usikope betri ya kuwashia injini kubwa, utakuja kubaki majini unaangaliana nayo. Lithiamu ni nyepesi na unaitumia karibu yote, ila chaja yake iwe yake.

Waya zangu zinatoka tezi hadi omo, yaani nyuma hadi mbele, mwanzo niliweka nyembamba zikawa zinapata moto na mota inachoka. Hesabu urefu wa kwenda na kurudi ndo uchague unene, mi nimeishia milimita za mraba 16, na breka ya ampea 60, ile inayokata umeme ukizidi, karibu kabisa na betri.

Kingine ni nailoni ya mshipi, inajizungusha nyuma ya propela inakata sili, maji yanaingia ndani ya mota. Mi naifungua propela kila baada ya safari chache naangalia.

Breketi ya mota mpya matundu yake hayakulingana na ya zamani, mawili yakabaki wazi nikayajaza epoksi. Rangi haijakaa sawa. Kila anayepanda anauliza hizo alama ni za nini, namwambia hapo palikua na mota fupi.