Siku ya bamvua, Pemba: siku moja ya mwanaanthropolojia

Saa kumi na moja alfajiri. Adhana inanikuta macho. Chumba changu kiko uani kwa mama mmoja, katika kijiji cha Wilaya ya Micheweni. Jina la kijiji silitaji, niliwaahidi hivyo watu waliokubali kuzungumza nami. Mimi ni mwanaanthropolojia, mzaliwa wa Unguja, na kazi yangu ni kusoma maisha ya wanawake na wanaume katika jamii za visiwani: nani anafanya nini, nani anamiliki nini, nani anaulizwa kabla shauri halijakatwa. Kibali cha utafiti kiko mkobani na sheha ananijua, lakini aliyenifungulia milango hasa ni huyu mama, aliyeniita mwanangu tangu wiki ya kwanza.

Mwezi uliandama juzi, kwa hiyo leo ni bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana. Maji yatakupwa kabisa kama saa nne na nusu, na kesho yatachelewa kidogo. Nilipofika hapa nilikuja na fomu yenye swali, "Unaanza kazi saa ngapi?" Mama aliisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Siku gani, mwanangu? Ya bamvua au ya maji mafu?" Siku za maji mafu bahari haipwi sana, na kazi ya pwani hubadilika. Fomu ile niliiweka kando. Tangu siku hiyo madodoso yangu yote yanafuata mwezi.

Saa mbili asubuhi tunateremka pwani. Dera, kanga kichwani, soksi nzito miguuni, vigingi na vifurushi vya kamba begani. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, kikaenea mpaka huku, na waliokibeba ni wanawake. Nafunga nao mwani kambani. Mikono ikiwa na kazi, maneno hutoka bila kuvutwa, na mengi niliyoyajua hapa nimeyasikia maji yakiwa magotini. Kidole cha shahada cha mama kina mfereji mdogo mweupe pale kamba inapopita. Aliponishika mkono kunionesha fundo, niliusikia ule mfereji kwenye ngozi yangu.

Leo wanazungumzia kotonii, aina moja ya mwani. Bei yake ni nzuri kuliko spinosamu, aina ya pili, lakini bahari imezidi joto, na karibu na ufuo inaoza. Inataka maji ya kina. Kwenye kina panataka chombo, na panataka mtu ajue kuogelea. Jirani yetu, mtu mzima wa miaka hamsini na ushei, ananambia: "Kaka zangu walijifunza wakicheza. Sie tulikuwa tukiteka maji." Hapo ndipo ninapoona jinsia, kwenye mchezo wa utoto unaokuja kuamua, miaka arubaini baadaye, nani anaweza kuufuata mwani unakohamia.

Saa saba mchana maji yameshaanza kujaa. Tunarudi, tunaoga, tunaswali, tunakula muhogo wa nazi. Nalala nusu saa.

Saa kumi jioni, baada ya Alasiri, mama ananiita ndani. Tulikuwa tumeanza mazungumzo ya nyumba wiki iliyopita. Anatoa kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda, analifungua, anazipanga karatasi juu ya mkeka moja moja. Ni risiti. Mabati, misumari, saruji, mlango. Zote zina jina lake, na zote zimelipwa kwa fedha za mwani.

"Nani alikufundisha kuziweka?"

"Hakuna aliyenifundisha. Niliona kwa dada yangu."

Dada yake aliezeka nyumba ya mume kwa fedha yake mwenyewe, akaachwa, akatoka na kanga zake na sufuria. Katika dini mali ya mke ni yake, na kumlisha na kumuweka ni wajibu wa mume. Kila mtu hapa analijua hilo, wanaume pia, na hulisema wazi. Lakini kiwanja ni cha mume, bati likishapigiliwa halisemi limenunuliwa na nani, na mbele ya kadhi panatakiwa ushahidi. Mama huyu na mumewe wanaishi vizuri. Nilimuuliza kama mume anajua habari ya kopo. "Anajua. Siku nyengine yeye ndiye anayenipa risiti, ananambia kaweke."

Jibu hilo nimelifikiria jioni nzima. Nilikuwa nimeshaandika, moyoni, kwamba kopo ni siri.

Saa mbili usiku nasikiliza sauti nilizorekodi na kuziandika. Hapa wanasema "nke", nami nikiandika "mke" nakuwa nimemuondoa mtu kwenye lugha yake, kwa hiyo naandika kama anavyosema. Kazi ni ya polepole, dakika kumi za sauti hunimaliza saa nzima. Nikichoka namkumbuka Malinowski, mwanaanthropolojia aliyekaa visiwa vya Trobriand, Papua New Guinea, kati ya 1915 na 1918, akaandika sana juu ya mabadilishano ya wanaume. Miaka ya 1970 mwanaanthropolojia mwanamke, Annette Weiner, alikwenda huko huko akakuta wanawake wakigawana vitita vya majani ya migomba kwenye matanga, mali yenye uzito mkubwa katika jamii ile. Malinowski hakuipa nafasi. Nami najiuliza ni nyumba ngapi za Pemba nimeingia nikahesabu mikarafuu na ng'ombe, nikatoka bila kuuliza chini ya kitanda kuna nini.

Saa nne, mama anabisha mlango akiwa na taa ya simu. Risiti tatu zimefifia, wino hausomeki vizuri. Keshokutwa nakwenda Wete, anataka nikazitoe nakala. Mbili mbili: moja irudi kwenye kopo, moja akaiweke kwa dada yake.