Maji meupe, meno kahawia

Jamani, sisi tuliokulia Usa River na Maji ya Chai tunajuana kwa meno. Binti wa dada yangu ameota ya ukubwani, na mawili ya mbele tayari yana michirizi ya kahawia.

Si kwamba nyumbani ni wachafu. Dada anachemsha maji, anachuja kwa kitambaa, anaweka kwenye ndoo yenye koki. Kwa taifodi na kipindupindu, sawa kabisa. Ila floraidi, madini ya kwenye maji yanayotia meno kahawia, haiondoki kwa moto! Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe inabaki sufuriani, tena imekolea zaidi. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, haina rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na jino huharibika likiwa bado ndani ya ufizi.

Nikamuuliza msoma mita bomba letu lina kiasi gani. Akacheka: "Dada, mimi nasoma yuniti tu." Bili inafika kwa meseji bila kuchelewa, majibu ya vipimo hatujawahi kuyaona.

Sasa watoto wanakunywa ya mvua, tumefunga gata na tangi. Chujio la mkaa wa mifupa linasaidia pia, mradi mkaa ubadilishwe ukichoka. Magadi nimeyapiga marufuku kwenye makande, nayo yana floraidi. Mama kanuna, anasema mahindi hayaivi.

Anayejua wanapopima maji kwa bei nafuu hapa Arusha, naomba anielekeze.