Maumivu yangu yana namba

Leo nimeshuka Kondele nikashikilia mlingoti wa taa mpaka mgongo ukatulia. Miaka 6 sasa. Eksirei safi, damu safi, na daktari mmoja aliwahi kuniambia nipunguze mawazo. Nililia kwenye matatu hadi nyumbani.

Jamani, maumivu yakipita miezi 3 ni sugu, na Shirika la Afya Duniani limeyapa namba yake, MG30, kwenye orodha ya magonjwa ya ICD-11 iliyoanza kutumika 2022. Hata yale yasiyoonekana kwenye picha yamo! Yakiandikwa kwenye faili tunahesabika, na watafiti wanapata pa kuanzia.

Mama anauza omena Kibuye, magoti yanamuuma miaka nenda rudi, anasema ni uzee tu. Jumamosi nampeleka kliniki. Nitaomba yaandikwe.